Hesabu za Nyumbani Kabla ya Masika

Karafuu za mwisho zimekwisha anikwa na kuuzwa, majamvi yamekunjwa na kutiwa darini, na wachumaji waliotoka mbali wamekwisha rejea makwao. Sasa twaingia katika zile wiki chache za joto la mwisho wa kaskazi, kabla upepo haujageuka na mvua za masika hazijaanza mwezi wa Machi. Kwa mkulima wa karafuu huu ni wakati wa kupumzika kidogo, wala hapana ubaya, maana mtu aliyekesha akilinda karafuu uani ana haki ya kulala. Lakini ndio wakati pekee katika mwaka ambapo fedha ya msimu ungali waiona kwa macho, au angalau waikumbuka ilikokwenda. Ikifika Mei hutakumbuka tena.

Katika nchi za baridi watu wana desturi ya kusafisha nyumba zao baridi inapokwisha, na magazeti yao huwakumbusha kusafisha na hesabu zao papo hapo. Sisi majira hayo hatuna, lakini tunayo palizi. Kila mwanachama ajua kwamba shamba lisilopaliliwa kabla ya msimu humtesa mchumaji, hupoteza karafuu zinazoanguka majanini, na huficha mikarafuu iliyoanza kufa. Hesabu za nyumba nazo huota magugu namna hiyo hiyo: deni dogo la dukani, ahadi ya harusi, fungu la ndugu ambalo halijatolewa, fedha uliyomkopesha jirani bila ya shahidi. Makala haya yaeleza namna ya kupalilia huko.

Kwanza kusanya karatasi. Tandika mkeka uwanjani au ukumbini siku ya mapumziko, kisha ulete kila kitu: risiti za kituo cha kununulia karafuu, risiti za makonyo ikiwa uliyauza, daftari la wachumaji, vijikaratasi vya dukani, hati za shamba, kitabu cha benki, na simu pia, kwa sababu siku hizi nusu ya risiti zetu zimo ndani ya simu. Mwite mkeo, au mumeo, na mtoto mmoja anayejua kuandika vizuri. Wako wanaume wasiopenda mke ajue hesabu. Sisi twaona hilo ni kosa, kwani mume akifa ghafla, mke ndiye anayegongewa mlango na wenye kudai, na yeye hajui nani asema kweli.

Ukisha kukusanya, tafuta jambo moja ambalo wengi wetu hatulijui hata baada ya miaka 30 ya kuvuna, nalo ni hili: msimu huu nilipata nini hasa? Si fedha niliyohesabiwa kituoni, bali iliyobaki baada ya shamba kula fungu lake.

Tuchukue mfano. Ili hesabu iwe nyepesi, tuseme kilo moja ya karafuu kavu ni shilingi 10,000. Kila mtu atie bei aliyoipata mwenyewe. Mkulima ameuza kilo 480, akahesabiwa shilingi 4,800,000. Siku ile yeye hujiona tajiri, na jamaa zake humwona tajiri zaidi. Lakini karafuu mbichi, zikikauka, hubaki kama theluthi moja ya uzito. Kwa hiyo ili apate kilo 480 kavu, zilichumwa kama kilo 1,440 mbichi. Ikiwa mchumaji hulipwa shilingi 1,000 kwa kilo mbichi, hizo ni shilingi 1,440,000. Wanaolipa kwa pishi wapime pishi yao mara moja kwenye mizani, wapate kujua wanalipa kiasi gani kwa kilo, wengine watashangaa. Majamvi, magunia, kuchambua, ulinzi na gari ya kupeleka kituoni ni shilingi 360,000. Palizi ya kabla ya msimu ilikuwa shilingi 300,000. Ukitoa zote, zabaki shilingi 2,700,000. Tena alikuwa na madeni ya shilingi 900,000 aliyoyafanya miezi ya njaa. Kilicho chake kweli ni shilingi 1,800,000.

Hapo ndipo swali gumu linapokuja. Fedha hiyo ni ya muda gani? Mfanyakazi wa ofisini ajua mshahara wake utarudi mwisho wa mwezi. Mkarafuu haukupi ahadi hiyo. Sote twajua tabia yake: mwaka mmoja huzaa mpaka matawi yakavunjika, kisha hupumzika, pengine mwaka mmoja, pengine miwili au mitatu, ndipo uzae tena kwa wingi. Mvua nayo ina neno lake. Basi mwenye kupanga matumizi kana kwamba kila mwaka ni mwaka wa neema anapanga kukopa, ingawa mwenyewe hajui.

Mwandishi wa makala haya alilipata somo hilo kwa gharama yake mwenyewe. Katika msimu mmoja wa neema nilibomoa paa la makuti nikaezeka bati nyumba nzima, nikamwoza binti yangu kwa karamu ya siku tatu, na kila aliyekuja na shida sikumrudisha. Nilipata sifa nyingi. Msimu uliofuata mikarafuu yangu ilitoa majani matupu, na uliofuata huo ilitoa karafuu za kutia katika pilau. Nililala chini ya bati langu jipya nikisikiliza mvua na kuhesabu madeni. Mwaka wa tatu mikarafuu ilizaa, lakini nusu ya karafuu ilikuwa imekwisha uzwa ingali mtini. Niliuza kwa vono.

Hapa yafaa tukae kidogo, kwa sababu vono ndilo gugu kubwa kuliko yote, na wengi husema kwamba si deni bali ni biashara. Tazama hesabu. Mwezi wa Juni mtu akupa shilingi 500,000, nawe wamwahidi kilo 100 za karafuu kavu zitakapokuwa tayari. Mwezi wa Oktoba wampa kilo zake 100, naye azipeleka kituoni akahesabiwa shilingi 1,000,000 kwa ile bei ya mfano wetu. Kwa hiyo kwa kutumia shilingi 500,000 miezi minne, umelipa shilingi nyingine 500,000. Hapana benki hata moja inayothubutu kutoza hivyo. Tena kazi ya kuchuma, kuanika na kulinda ni yako wewe, na mvua ikizinyeshea juu ya jamvi hasara ni yako.

Mambo haya si mageni visiwani. Jumuiya ya kwanza ya wakulima wa karafuu hapa iliundwa mwaka 1927, na moja katika sababu zake ilikuwa kumpatia mkulima fedha za uchumaji bila ya kwenda kwa mkopeshaji. Bei ya karafuu ilipoanguka baada ya mwaka 1929, mashamba mengi yalikuwa yamekwisha fungwa kwa madeni. Mengi yalifungwa kwa bei ya khiari, yaani mkulima huandikiwa kwamba ameuza shamba lake, naye ana hiari ya kulikomboa akirejesha fedha kwa muda fulani. Na muda ukipita, limekwenda. Mwaka 1933 serikali ya wakati ule ilitoa taarifa kubwa juu ya madeni ya wakulima, iliyoandikwa na mabwana Bartlett na Last, na mwaka 1934 zikapitishwa sheria za kuzuia mashamba yasiendelee kutoka mikononi mwa wenyewe kwa sababu ya deni. Wengi waliopoteza mashamba hawakuwa wavivu wala walevi. Walikuwa watu kama sisi, waliohitaji fedha mwezi wa Juni.

Na kwa nini mwezi wa Juni? Kwa sababu shamba lataka fedha kabla halijatoa. Palizi hulipwa kwanza, mchumaji hulipwa jioni ya siku aliyochuma, na wewe hulipwa baada ya karafuu kukauka na kufikishwa kituoni. Katikati hapo ndipo mwenye vono anapokungojea. Kwa hiyo dawa ya vono haipatikani Juni, yapatikana sasa, fedha ingalipo. Katika ile 1,800,000 ya mfano wetu, kitu cha kwanza kutenga ni fedha ya kufungulia msimu ujao: shilingi 300,000 za palizi, na nyingine 300,000 za kuwalipa wachumaji wa wiki ya kwanza, mpaka mzigo wa kwanza uuzwe nao ujilipie wa pili. Fedha hii isihesabiwe kuwa yako. Ihesabu kuwa ni ya mikarafuu, nawe umeshikilia tu.

Zabaki 1,200,000. Ikiwa mzigo wa kwanza wa msimu ujao utauzwa Oktoba, ni miezi 8, yaani shilingi 150,000 kwa mwezi. Msimu ujao usipozaa, ni miezi 20, yaani shilingi 60,000 kwa mwezi. Andika hesabu zote mbili katika daftari, kisha uishi kwa ile ya pili mpaka ifike Julai uone matawi yanasema nini. Najua wengine watacheka. Watu wangapi wataishi kwa shilingi 60,000? Hawataishi, na hiyo ndiyo faida ya kuiandika: waona kwa macho yako kwamba karafuu peke yake haikulishi, na kwamba muhogo, migomba, ng'ombe wa maziwa, mashua ya kaka yako, si mambo ya kando. Ndiyo yanayolisha nyumba. Karafuu ni fedha ya mambo makubwa yanayokuja mara moja moja.

Katika jambo hilo twataka kusema neno juu ya fedha za kina mama. Tangu kilimo cha mwani kilipoanza visiwani mwaka 1989, nyumba nyingi za pwani zimeendeshwa na fedha ya mwani wakati karafuu zimelala. Fedha hiyo ni ya mwanamke aliyeshinda majini, na kwa dini yetu mali ya mke si mali ya mume. Akiitoa kulisha nyumba amefanya hisani, na ikiwa ameikopesha, basi ni deni kama deni lolote, nalo liandikwe katika ukurasa wa madeni pamoja na la dukani. Tumeona waume wanaolipa duka na kumsahau mke, kwa kuwa duka hupiga kelele.

Sasa madeni yenyewe. Waanze wachumaji, ikiwa yuko ambaye hakumaliziwa. Huyo alipanda mti ambao wewe hukuupanda, na mwakani atachagua shamba la kwenda. Kisha nenda dukani mwenyewe, usitume mtoto. Mwambie, "Bwana, nimekuja tutazame hesabu yangu yote, tangu mwanzo," nawe uwe na daftari lako mkononi. Mwenye duka mwema hupenda jambo hilo, kwani naye ana madeni ya watu anakonunua. Mkikuta tofauti, isemeni hapo hapo kwa upole. Tofauti ya shilingi 3,000 ya leo huwa ugomvi wa shilingi 30,000 kesho. Huwezi kulipa lote, lipa sehemu, mwandike mmebakisha ngapi, kila mmoja atie sahihi yake. Kuandika deni si kumtuhumu mtu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, katika sura ya Al-Baqara, yahusu kuandika deni na kuweka mashahidi, nasi twaona haya kumwandikia ndugu! Kama ndugu atachukia kuandikiwa leo, atachukia zaidi kukumbushwa baadaye.

Na yale unayowadai wengine uyatazame pia. Andika jina, kiasi, na siku. Kisha jiulize kwa kweli lipi litarudi. Lile ambalo wajua halitarudi, kwa sababu mwenyewe hana kitu, ni bora ulisamehe kwa nia safi upate thawabu, kuliko kulibeba katika hesabu mwaka hata mwaka kana kwamba ni mali.

Shamba la urithi ambalo halijagawanywa lataka daftari lake peke yake. Hapa ndipo udugu unapovunjika, na mara nyingi si kwa wizi, ni kwa kuchanganya. Kaka mkubwa husimamia, hulipa palizi kutoka mfukoni mwake, huuza karafuu kwa jina lake, huwagawia wenzake anachokumbuka. Baada ya miaka mitano yeye aamini kwamba ametoa zaidi, nao waamini kwamba amekula. Kabla ya kugawa, toeni gharama zote zenye risiti, na ujira wa msimamizi mliokubaliana kabla ya msimu, si baada yake. Kisha mgawe kilichobaki kwa mafungu ya kisheria. Tuseme marehemu aliacha mke, mwana mmoja wa kiume na mabinti wawili, na kilichobaki ni shilingi 1,600,000. Mke ana thumuni, shilingi 200,000. Zilizobaki 1,400,000 zakatwa mafungu manne: mwana mafungu mawili, shilingi 700,000, na kila binti fungu moja, shilingi 350,000. Kila mmoja atie sahihi au dole gumba. Binti aliyeolewa mji mwingine apelekewe lake, tena kwa simu siku hizi ni jambo la dakika moja, kwa hiyo udhuru wa umbali umekwisha.

Juu ya zaka hatutasema mengi, maana hilo lina wenyewe. Fedha iliyokaa mikononi mwako mwaka mzima wa Kiislamu, na kiasi chake kikafika nisabu, ambayo ni mithqali 20 za dhahabu au kama gramu 85, zaka yake ni robo ya ushuri, yaani shilingi 2.50 katika kila 100. Lakini mwaka huo huhesabiwa kwa mwezi mwandamo, hivyo andika tarehe ya Kiislamu uliyopokea fedha. Ama juu ya karafuu zenyewe, wanavyuoni wa madhehebu mbalimbali hawakukubaliana, basi muulize sheikh wako.

Wakati umo katika tarehe hizo, kumbuka kwamba Ramadhani husogea mbele kama siku 11 kila mwaka wa kizungu. Kwa hesabu ya mwezi, mwaka 2030 itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba, na Januari ndio mwezi wa sare na madaftari ya shule. Anayeyajua hayo miaka michache mbele hanunui nguo za Idi kwa mkopo.

Fedha iliyotengwa iwekwe wapi? Si chini ya godoro, kwa sababu ya moto, panya na wajomba. Benki ya Watu wa Zanzibar imekuwapo tangu mwaka 1966, na sasa zipo huduma za benki zinazofuata sharia kwa wale wanaoogopa riba. Chama cha kuweka na kukopa cha shehia ni kizuri ikiwa hesabu zake husomwa mbele ya wanachama. Ikiwa hazisomwi, kaa mbali. Upatu wafaa kwa kitu kimoja kinachojulikana, kama jiko au cherehani, lakini usiweke fedha ya palizi katika upatu, maana zamu yako huenda ikaangukia Desemba. Simu ni nyepesi kutia na nyepesi kutoa, na wepesi huo wa pili ndio ubaya wake. Namba ya siri usimpe mtu, hata akisema anapiga kutoka ofisi ya mtandao. Ofisi haikuulizi siri yako.

Wengine huweka fedha kwa kununua vitu, nasi hatuwalaumu. Tofali halikopwi na shemeji. Nunua matofali au mabati ukipenda. Saruji usinunue sasa, kwa kuwa unyevu wa masika utaigeuza jiwe ndani ya mfuko kabla hujachimba msingi. Ng'ombe ni akiba nzuri inayozaa, lakini hula kila siku na huumwa, basi hesabu na dawa zake.

Na kabla hujafunga daftari, tenga kidogo kwa ajili ya miche. Masika ndio wakati wa kupanda, na mkarafuu mchanga hukaa kama miaka sita hadi minane kabla ya kuzaa. Palipokufa mti pakiachwa wazi mwaka huu, ni mwaka mmoja zaidi wa kungoja. Fedha inayohitajika si nyingi: kuchimba mashimo, kupanda mgomba wa kivuli, na kumwagilia kiangazi cha kwanza na cha pili, ambapo miche mingi hufa kwa kusahauliwa.

Daftari lenyewe liwe la kawaida la shule, kurasa 96 zatosha miaka miwili. Andika kwa penseli au kalamu ya risasi, si ya wino mwepesi, kwani wakati wa masika nyumba zetu huingia unyevu na wino hutambaa. Risiti za kituoni za karatasi laini hufifia zenyewe baada ya miezi michache. Kiasi na tarehe vinakiliwe katika daftari wiki hii, na risiti zitiwe katika bati la biskuti lenye mfuniko, liwekwe mahali ambapo watu wawili wa nyumba wapajua.